Uji Unaopita Kwenye Chuchu ya Chupa Haumlishi Mtoto

Kwa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja nimewekewa mezani, hapa kliniki ya watoto, chupa ya uji kama ushahidi kwamba mtoto ameshaanza kula. Safari hii aliyeileta alikuwa bibi kutoka Makorora, hapa Tanga, amefuatana na binti yake na mjukuu wa kiume wa mwaka mmoja na miezi minne. "Anakula vizuri, mwanangu," aliniambia, "chupa tatu za uji kwa siku, na tatu za maziwa ya kopo." Niliishika ile chupa. Tundu la chuchu lilikuwa limepanuliwa kwa sindano iliyopashwa moto, kingo zake zimeungua na kuwa nyeusi, na uji uliobaki ulikuwa mwepesi kama maji yaliyooshea mchele.

Mstari wa uzito katika kadi ya mtoto huyo ulikuwa umelala tangu alipotimiza mwaka. Viganja vyake vilikuwa vyeupe, na kipimo cha wingi wa damu kilisoma gramu 8.9 kwa desilita wakati mtoto wa umri wake anatakiwa kuwa na 10.5 au zaidi. Nilimpa kiazi kitamu kilichopondwa, ncha ya kijiko tu. Alikiweka juu ya ulimi, akamtazama mama yake, akakaa nacho hivyo kwa muda, kisha akakisukuma nje kwa ulimi. Bibi akasema, "Umeona? Hapendi chakula." Mimi niliona jambo jingine kabisa: mtoto ambaye kwa miezi kumi amepewa vitu vya kumeza tu, na sasa kimemfika kitu kisichotiririka, naye hajui akifanyeje.

Naandika hapa kwa sababu imani hii, kwamba uji ukiingia tumboni kwa njia yoyote mtoto amekula, inawadhoofisha watoto ambao wazazi wao wanajinyima ili wawalishe. Nazungumzia hasa watoto wa maziwa ya kopo. Anayenyonya aendelee kunyonya mpaka miaka miwili na zaidi, huku akila.

Tufanye hesabu, maana hapa ndipo mambo yote yalipo. Mililita 100 za maziwa ya kopo yaliyokorogwa sawasawa zina kalori 67 hivi, kwa hiyo chupa ya mililita 240 ina takriban 160. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji kama kalori 900 kwa siku. Akinywa chupa sita kamili amekwisha kupata zaidi ya 900, na ukimwekea wali mbele yake atageuza uso, si kwa kiburi wala kwa kukosa hamu, bali kwa sababu ameshiba kweli. Sasa chukua chupa ya uji. Kijiko kimoja cha chakula cha unga wa mahindi, gramu kumi hivi, kina kalori kama 36. Ongeza kijiko cha chai cha sukari, zinakuwa karibu 50. Unga hauwezi kuzidi hapo kwa wingi, kwa sababu uji ukiwa mzito hautapita kwenye tundu hata ulipanue vipi. Chupa ile ile, tumbo lile lile lililojaa, lakini badala ya 160 mtoto amepata 50. Tumbo la mtoto linabeba kama mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake, yaani mtoto wa kilo tisa anajaa kwa mililita 270. Chupa moja imelimaliza tumbo, na saa tatu nzuri za mchana zimepotea.

Jambo jingine niliambiwa na mama baadaye, kwa sauti ya chini, bibi alipotoka nje. Kopo likikaribia kuisha na mwezi haujaisha, vijiko vinapungua: panapotakiwa vinane vinatiwa vinne. Simlaumu hata kidogo, kwa sababu bei ya kopo naijua. Lakini maziwa yaliyopunguzwa nusu yana chakula nusu na maji yale yale, na mtoto anaendelea kuonekana ameshiba. Hivyo ndivyo mtoto anavyopungukiwa bila kulia njaa.

Na kopo lenyewe, lile la namba tatu linalouzwa kwa watoto waliopita mwaka, halihitajiki. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unaeleza kwamba mtoto wa miezi 12 hadi 23 anayepewa maziwa yasiyo ya mama apewe maziwa ya wanyama, na haupendekezi maziwa hayo ya kopo ya hatua za baadaye. Tanga maziwa ya ng'ombe yanapatikana. Yachemshwe, yapoe, yatiwe kwenye kikombe. Kiasi ni mililita 200 hadi 400 kwa siku kama mtoto anakula samaki, nyama au mayai, na kama havipati, 300 hadi 500. Yasizidi hapo, kwa kuwa maziwa ya ng'ombe yana madini ya chuma kidogo mno, na mtoto anayeyashindia hupungukiwa damu hata akiwa mnene. Chai ya rangi asipewe kabisa, kwa sababu inazuia mwili kufyonza chuma kilichomo kwenye mboga.

Dawa za kuongeza hamu ya kula ambazo wazazi hununua dukani sitazizungumzia kwa kirefu: hazimfundishi mtoto kutafuna, wala hazipunguzi maziwa.

Kinachofanya kazi ni kubadilisha mpangilio. Mtoto aamke na ale kwanza, akiwa na njaa yake ya asubuhi, kisha ndipo maziwa yafuate, kwenye kikombe. Chupa ya mchana iondoke mwanzo, siku tatu au nne baadaye iondoke ya jioni, na ya usiku ibaki ya mwisho kwa kuwa ndiyo ngumu kuliko zote, ingawa ndiyo inayoozesha meno. Apate milo minne au mitano na kitu kidogo cha katikati, kama ndizi mbivu. Uji akipewa uwe mzito wa kukaa juu ya kijiko bila kumwagika. Watu wa Pwani tunalo tui la nazi, nami sielewi kwa nini tunalimwaga kwenye mchuzi wa wakubwa na kumnyima mtoto, wakati mafuta yake yanaongeza nguvu ya chakula bila kuongeza ukubwa wa tumbo. Dagaa waliosagwa, yai, ini la kuku, mchicha uliokatwa laini, kisha chungwa la Muheza baada ya mlo, kwa sababu vitamini C yake inasaidia kile chuma kuingia mwilini. Bada, yaani ugali wa muhogo, peke yake haitoshi. Muhogo hauna protini ya maana, lazima ipate samaki au maharage. Karanga ziwe zimesagwa, kamwe zisiwe nzima, na zile zenye ukungu zitupwe kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu huo.

Hapa inanipasa kusema kitu ambacho katika mafunzo hatuambiwi. Tunafundishwa kwamba mlishaji akae na mtoto, amtazame usoni, asimlazimishe, ampe chakula kilichokataliwa tena na tena, hata mara kumi au kumi na tano. Ni kweli. Lakini mama huyu anatoka nyumbani alfajiri kwenda kununua samaki soko la Deep Sea, na anayebaki na mtoto ni bibi mwenye magoti mabovu au dada wa miaka kumi. Chupa inapendwa kwa sababu mtoto hujilisha mwenyewe. Ninapompa mama huyu ushauri wa kitabuni, najiuliza kama ninamsaidia au ninamwongezea hatia. Vilevile sina hakika tena kwamba kupunguza polepole ndiyo njia bora kwa kila mtoto. Nimewaona walionyang'anywa chupa siku moja wakalia siku mbili na ya tatu wakala wali, na nimewaona waliopunguziwa kwa utaratibu wa wiki sita wakabaki na chupa hadi miaka mitatu. Ninachokataa ni kumnyang'anya mtoto mgonjwa, au mwenye uzito ulioshuka, kabla hajapata angalau vyakula viwili anavyokubali.

Mtoto anayekabwa kila anapomeza, au anayetapika kila tonge, huyo si suala la mpangilio. Aonwe na daktari.

Yule wa Makorora alirudi baada ya wiki mbili. Bibi ndiye aliyekuwa amesimamia kazi yote. Alianza na wali wa nazi uliopondwa, siku nne mfululizo ukatemwa, siku ya tano mtoto akaacha kutema. Sasa anashika kipande cha samaki kwa vidole na kukinyonya mpaka kibaki nyuzi. Uzito uliongezeka gramu 200, kiasi ambacho siwezi kukitegemea bado, na dawa ya kuongeza damu anaendelea nayo. Chupa mbili za uji zimeondoka. Ya usiku ipo, na bibi alinieleza kwa uso mkavu kwamba hataiondoa mpaka jino linalochomoza limalize kutoka. Nikakubali, nikaandika tarehe ya kurudi kwenye kadi.