Amri ya Matunzo Imetolewa, Imekiukwa: Bunge Linamuuliza Nani?

Mama anatoka Mahakama ya Watoto ya Milimani na karatasi mkononi. Imeandikwa kwamba baba wa mtoto atatuma kiasi fulani kila mwezi kabla ya tarehe 5, atalipa karo na kuchangia matibabu. Mwezi wa kwanza pesa zinaingia kwa M-Pesa. Wa pili inaingia nusu. Wa tatu simu haishikwi. Wengi wanaofika kwenye vikao vyetu vya elimu ya umma mitaani Nairobi wameyapitia haya, na swali lao huwa lilelile: sasa tumwendee nani, mbunge?

Mbunge hawezi kumlazimisha baba huyo alipe. Hana mamlaka hayo na hapaswi kuyatafuta. Kuna kazi nyingine ambayo ni yake hasa, nayo haifanywi inavyotakiwa: kuuliza idara za serikali ni amri na mikataba mingapi ya matunzo inaheshimiwa, mingapi inavunjwa, na afisa gani anafuatilia. Swali hilo likiulizwa vizuri na kufuatiliwa hadi mwisho, litamsaidia mama huyu na wengine wengi ambao hawatawahi kuonana na mbunge wao.

Kwanza, sheria inasemaje? Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wake, na kinasema waziwazi kwamba mama na baba wana jukumu sawa la kumlea, wawe wameoana au la. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, imejengwa juu ya msingi huo. Kwa hiyo hoja ya kwamba "hatukuoana" haina nguvu mahakamani. Hoja ya kwamba matunzo ni mzigo wa baba pekee haina nguvu pia. Mahakama hutazama uwezo wa wazazi wote wawili na mahitaji ya mtoto, ndipo ikagawa wajibu.

Amri ikivunjwa, anayemlea mtoto hurudi mahakamani. Mahakama inaweza kutoa ilani ya kumtaka aliyekiuka aeleze kwa nini asiadhibiwe. Inaweza kuruhusu mali yake ikamatwe, au mshahara wake ukatwe kupitia mwajiri, na mambo yakishindikana kabisa, kumpeleka kifungo cha madeni. Mzazi aliyepoteza kazi naye ana njia yake: aiombe mahakama ibadilishe kiwango, badala ya kuzima simu. Deni la matunzo halifutiki kwa kunyamaza.

Tatizo ni kwamba njia nyingi kati ya hizi zinamfaa anayeshtaki mtu mwenye hati ya mshahara. Zaidi ya asilimia 80 ya Wakenya wenye kazi wamo katika sekta isiyo rasmi. Utamkata vipi mshahara mhudumu wa boda boda, fundi wa jua kali au mwuzaji wa mitumba wa Gikomba? Mwajiri hayupo. Mama analazimika kumtafuta mwenyewe, amjue anakaa wapi, alipie kupelekewa kwa hati za mahakama, na apoteze siku ya kibarua kila kesi inapotajwa. Wapo wanaokata tamaa kesi ingali hai kwenye faili.

Wengine hawafiki mahakamani kabisa. Huanza kwa chifu au katika afisi ya watoto ya eneo lao, ambako afisa humwita mzazi mwenzake kwa barua, huwasikiliza wote wawili, kisha huwaandikisha makubaliano ya malezi. Hii ni huduma nzuri, ya haraka na isiyo na gharama kubwa, na mimi huwahimiza wazazi waanze hapo. Lakini afisa wa watoto ana kesi za watoto waliopotea, waliodhulumiwa, walioko mitaani na wanaohitaji kuokolewa usiku wa manane. Makubaliano ya matunzo yakishatiwa sahihi, nani huketi mwezi wa nne kuangalia kama yametimizwa?

Hapa ndipo tofauti yetu na nchi nyingine inapoonekana. Uingereza ilianzisha wakala wa serikali wa kukusanya matunzo mwaka 1993. Ulilaumiwa vikali bungeni kwa miaka mingi, na mwaka 2012 huduma mpya iitwayo Child Maintenance Service ikaanza kuchukua nafasi yake chini ya wizara ya kazi na pensheni. Huduma hiyo inaweza kukata pesa kwenye mshahara au akaunti ya benki, na tangu 2018 inaweza kuomba mahakama imnyang'anye pasipoti mdaiwa sugu. Si mfumo mkamilifu hata kidogo. Pesa zinapokusanywa kupitia huduma hiyo, utaratibu wa ada ulioanza 2014 uliweka mlipaji aongezewe asilimia 20 na mpokeaji akatwe asilimia 4, jambo ambalo wazazi wengi wamelilalamikia. Hata hivyo, kwa kuwa kuna chombo kimoja chenye vitabu, mkaguzi wa hesabu wa huko aliweza mwaka 2022 kutoa ripoti kuhusu matunzo ya watoto, na kamati ya hesabu za umma ikawaita wakuu wa wizara wajibu. Malimbikizo yanajulikana, na anayeyajibia anajulikana.

Kenya haina chombo cha namna hiyo. Matunzo yetu yamesambaa: kiasi kwa mahakama, kiasi kwa Idara ya Huduma za Watoto, kiasi kwa polisi pale mtoto anapotelekezwa kwa makusudi, na kiasi kwa chifu. Kila mmoja ana daftari lake. Sisemi tuige Uingereza, kwa sababu uchumi wetu na wao haufanani, na wakala unaotegemea kukata mishahara ungewaacha nje watoto wengi wa mitaa yetu. Ninachosema ni kwamba jukumu likisambaa namna hii, Bunge linapaswa kuuliza kwa makini zaidi, kwa sababu kila afisi inaweza kunyoosha kidole kwa jirani.

Uwezo wa kuuliza upo. Kifungu cha 95 cha Katiba kinaipa Bunge la Taifa kazi ya kusimamia vyombo vya dola na matumizi ya mapato ya kitaifa. Kifungu cha 125 kinaruhusu kamati kumwita mtu yeyote kutoa ushahidi na kudai hati, kwa mamlaka sawa na ya Mahakama Kuu. Kifungu cha 153 kinamtaka waziri afike mbele ya kamati anapohitajika na ajibu swali lolote linalohusu wizara yake. Kwa huduma za watoto, kamati zinazohusika zaidi ni ile ya hifadhi ya jamii na ile ya haki na masuala ya sheria. Serikali inapopangwa upya, idara hii inaweza kuhama wizara, basi hakikisha kwanza iko chini ya waziri yupi kabla ya kuandika chochote.

Ubora wa swali ndio huamua kila kitu, na hapa naomba msomaji tukae kidogo. Mbunge akiuliza, "Je, serikali ina mpango gani kuhusu wazazi wanaotelekeza watoto?" waziri atajibu kwamba serikali inalichukulia jambo hilo kwa uzito, kwamba kuna sera, kwamba uhamasishaji unaendelea. Jibu hilo halina kosa, wala halina kitu. Sasa fikiria mbunge mwingine anayeuliza hivi: katika mwaka wa fedha uliopita, ni makubaliano mangapi ya malezi yaliandikishwa katika afisi za watoto za Kaunti ya Nairobi? Mangapi yalirudishwa afisini kwa kuvunjwa? Kila mojawapo ya maeneobunge 17 ya Nairobi lina maafisa wangapi wa watoto, na wana gari na mafuta ya kufuatilia kesi? Ikiwa takwimu hizo hazikusanywi, ni kwa nini, na zitaanza kukusanywa lini?

Swali la mwisho ndilo la maana zaidi. Linamfungia waziri mlango wa kusema "hatuna takwimu" na kuondoka. Likijibiwa kwa tarehe, tarehe hiyo inaingia katika Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, na baada ya miezi sita mbunge yeyote, hata wa upande wa serikali, anaweza kuirejelea. Bunge la Taifa lina kamati ya utekelezaji ambayo kazi yake ni kufuatilia kama ahadi za mawaziri na maazimio ya Bunge yametimizwa. Ni kamati isiyovutia kamera nyingi. Kwa maoni yangu ni miongoni mwa zenye manufaa makubwa kwa mwananchi wa kawaida.

Kuna mpaka ambao lazima uheshimiwe. Kifungu cha 160 kinalinda uhuru wa mahakama. Kamati haiwezi kumwita hakimu aeleze kwa nini alimpangia baba fulani kiasi fulani, wala haiwezi kuharakisha faili la mtu. Mbunge anayekuahidi hivyo anakudanganya. Lakini sheria inamtaka Jaji Mkuu aandae kila mwaka ripoti kuhusu hali ya Idara ya Mahakama, nayo hupelekwa kwa makarani wa mabunge yote mawili. Wabunge wanaweza kabisa kuomba ripoti hiyo ioneshe kesi za matunzo peke yake: zilizofunguliwa, zilizomalizika, muda zilizochukua, na ilani za ukiukaji zilizotolewa. Kuomba takwimu hakumwingilii hakimu katika uamuzi wake.

Halafu kuna Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Watu wengi humfikiria kama mtu wa kutafuta risiti zilizopotea. Hiyo ni sehemu moja. Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya 2015 inamruhusu pia kufanya ukaguzi wa utendaji, yaani kuangalia kama huduma inawafikia waliokusudiwa na kama pesa zimeleta matokeo. Ukaguzi wa aina hiyo kuhusu ufuatiliaji wa matunzo ungetupa kwa mara moja picha ambayo maswali kumi bungeni hayawezi kutoa. Kwa hesabu za kawaida, Katiba inampa miezi sita baada ya mwaka wa fedha kuisha tarehe 30 Juni, kisha inalipatia Bunge miezi mitatu kuijadili ripoti na kuchukua hatua. Kuna miaka ambayo Bunge limepitisha muda huo, na kila inapochelewa, makatibu wa wizara hubadilishwa na anayeulizwa husema hakuwepo.

Bajeti nayo isisahaulike. Makadirio ya matumizi huwasilishwa Bunge la Taifa kufikia tarehe 30 Aprili, na kamati ya bajeti inalazimika na Katiba kusikiliza maoni ya umma. Ukitaka afisa wa watoto wa pili Embakasi, huo ndio msimu wa kusema. Kusema mwezi wa Agosti ni kuchelewa.

Mwananchi anaingia wapi? Vikao vya Bunge na kamati zake viko wazi kwa umma chini ya Kifungu cha 118, isipokuwa pale spika anapokuwa na sababu za kutosha za kufunga. Unaweza kwenda na kitambulisho chako ukakaa usikilize. Kabla ya hapo, tafuta takwimu mwenyewe. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuandikia afisi ya umma, kwa Kiswahili au Kiingereza, nayo inapaswa kukujibu ndani ya siku 21. Wakikunyima au wakinyamaza, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Barua uliyonyimwa majibu ni ushahidi mzuri kuliko hotuba ndefu, kwa hiyo tunza nakala iliyopigwa muhuri.

Ukishafika hapo, Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi bungeni. Huhitaji wakili. Ombi linaweza kuandikwa kwa mkono na kwa Kiswahili, lielekezwe kwa Bunge, na lipitie kwa karani wa Bunge au kwa mbunge anayekubali kuliwasilisha kwa niaba yako. Eleza tatizo, taja afisi ulizokwisha kuziendea na jinsi zilivyokujibu, sema kama jambo hilo liko mahakamani, kisha malizia kwa kuomba kitu kimoja au viwili vilivyo wazi. Weka jina, anwani, nambari ya kitambulisho na sahihi, au kidole gumba kwa asiyeandika. Maombi ya kikundi, kwa mfano kina mama wa chama kimoja au wazazi wa shule moja, huwa na uzito kwa sababu yanaonesha tatizo ni la mfumo.

Usiombe Bunge liamue kesi yako. Omba kamati imwite waziri aeleze jinsi makubaliano ya matunzo yanavyofuatiliwa, na umpe tarehe. Na kwa kuwa ombi likishasomwa bungeni huwa mali ya umma, usiandike jina la mtoto, shule yake, wala hali yake ya afya. Andika "mtoto wa umri wa miaka saba" na inatosha. Nakala ya amri ya mahakama ukiiambatisha, funika jina lake kwanza kabla ya kuipiga picha.