Miguu 40 Haifanyi Prosesa Kuwa Ndugu

Mteja alivuka na kivuko cha Kamanga akiwa na Commodore 64, kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 1980, ndani ya mfuko wa salfeti, mashine ambayo marehemu baba yake alirudi nayo kutoka masomoni Ulaya. Prosesa yake, yaani chipu inayoendesha kompyuta, aina ya 6510, ilikuwa imekufa. Akaagiza prosesa nyingine, 6502, akaichomeka mwenyewe, akawasha. "Fundi, si zote zina miguu 40?" Swali hilo nimelijibu hapa Mwanza mpaka nimechoka, na kila anayeliuliza ameshawasha umeme tayari.

Miguu 40 ni umbo la nje tu. Z80, prosesa nyingine kabisa, nayo inayo 40. Swali la kuuliza ni kila mguu unafanya kazi gani. Kwenye 6502, volti 5 zinaingia mguu wa 8, na mguu wa 1 ni hasi. Kwenye 6510, volti 5 ziko mguu wa 6, na mguu wa 1 ndiko yanakoingia mapigo ya saa, yale yanayopanga mwendo wa prosesa. Ukichomeka 6502 kwenye soketi ya 6510, mapigo ya saa umeyafunga kwenye hasi, na chipu inangojea umeme kwenye mguu ambao bodi imeupa laini ya anwani, yaani waya wa kuchagulia mahali kwenye kumbukumbu.

Wengine hunijibu, "Basi nitahamisha nyaya." Hamisha, bado hujamaliza. 6510 ina laini 6 za ziada, zinazoongozwa kupitia anwani 0 na 1. Tatu huamua prosesa ione ROM (kumbukumbu ya kudumu) au RAM (kumbukumbu ya kazi), tatu ni za kinasa kaseti. 6502 haina kitu hicho. Programu ikiandika kwenye anwani 1, bodi haisikii lolote.

Halafu kuna AEC, mguu mwingine wa 6510, ambao watu hawataki hata kuusikia. Ndani ya Commodore 64, chipu ya picha, VIC-II, inapokezana na prosesa kwenye laini zilezile za anwani. Volti ya AEC ikishuka, 6510 inaziachia. 6502 ya zamani haijui kuachia, kwa hiyo chipu mbili zinavutana kwenye waya mmoja. Ndiyo sababu adapta ninayoijenga, ya kuikalisha 6502 kwenye soketi ya 6510, ina bafa za kuitenga prosesa na bodi, na chipu za mantiki za kuziba pengo la zile laini 6. Anayeiona kama soketi juu ya soketi, kisha akalalamikia bei, naomba aigeuze aangalie chini.

"Nunua 65C02, ni mpya, itafaa popote." Hilo toleo jipya la 6502 si kweli kwamba linafaa popote. W65C02S ya Western Design Center bado inatengenezwa, na mguu wake wa BE unaachia laini vizuri sana. Lakini mguu wake wa 1 unatoa ishara, na bodi nyingi za 6502 zimeufunga kwenye hasi. Tena zile amri zisizoandikwa kwenye vitabu, ambazo baadhi ya michezo ya Commodore 64 inazitegemea, humo hazimo. Mchezo utakwama, na utarudi kunilaumu mimi.

"Z80 ya MHz 8 itaikimbiza Spectrum." Hapana, hata kwa Spectrum, kompyuta nyingine ya zamani inayotumia Z80. Mapigo yanatoka kwenye bodi, nayo ni MHz 3.5. Namba iliyo juu ya chipu ni ukomo wa mwendo inaouvumilia.

"Skrini nyeusi, prosesa imekwisha." Mara nyingi ni RAM, PLA (chipu inayochagua kumbukumbu ipi isomwe), au kile kisanduku cha umeme cha zamani cha kuchomeka ukutani, ambacho kikichoka hupandisha zile volti 5 na kuua chipu ndani. Kipime kwanza. Kikisoma zaidi ya 5.25, kisiguse mashine. Na kwa sisi tunaoishi kando ya ziwa, unyevu huchafua miguu ya chipu mpaka isishike: ng'oa taratibu, safisha kwa spiriti, rudisha. Nimeshawarudishia watu mashine nzima bila kubadilisha chochote.

Ukijenga adapta mwenyewe, weka kapasita ya nanofaradi 100 karibu kabisa na mguu wa umeme wa prosesa, na tumia pini nyembamba za mviringo. Zile nene za pembe nne zinapanua soketi, na siku ukipata 6510 halisi, itacheza humo bila kushika. Soketi ya yule mteja wa Kamanga ilishapanuliwa hivyo. Nililazimika kuing'oa yote, mashimo 40, moja baada ya jingine.