Je, wajua kwa nini rangi ya makopo mawili ikishachanganywa haihifadhiki mpaka kesho?

Ukipita gereji za malori pale Kizota, Dodoma, utamkuta fundi rangi ana makopo mawili, kubwa la rangi na dogo la hadina (kigumishi), anapima, anakoroga, anaongeza tina kidogo ya kuilainisha, afu kuanzia hapo hataki stori na mtu mpaka amalize kupuliza. Ukimwambia bosi nusu iliyobaki tuiweke tumalizie kesho atakucheka, maana kesho hiyo ndoo itakuwa na kitu kigumu ambacho hata tina haikiyeyushi.

Sababu ni kwamba hii rangi haikauki tu, inabadilika kuwa kitu kingine. Rangi ya selulosi, ile NC ya zamani, inakauka kwa tina kupaa hewani basi, kinachobaki kwenye bati ni kilekile kilichokuwa kwenye kopo. Ndo maana ukilowesha kitambaa kwa tina ukasugua boneti iliyopigwa NC, rangi inahamia kwenye kitambaa. Fanya hivyohivyo kwenye 2K, yaani hii ya makopo mawili, iliyokaa wiki nzima, kitambaa kinatoka safi. Watu wanaonunua magari yaliyopigwa rangi upya wangekijua hiki kijaribio mafundi wengi wangepata shida.

Kwenye kopo kubwa kuna akriliki, minyororo mirefu ya plastiki yenye vishikio vya oksijeni na haidrojeni pembeni. Kwenye kopo dogo kuna isosianeti, na hiyo kazi yake ni kutafuta vile vishikio na kuving'ang'ania, kiungo kinachopatikana ndo kinaitwa yurethani. Kila chembe ya hadina inashika minyororo kadhaa kwa wakati mmoja, kwa hiyo baada ya saa kadhaa kila kitu kimefungana na kila kitu, na hapo ni kama yai lililochemshwa, halirudi kuwa bichi. Kemia hii ilianzia Ujerumani mwaka 1937, mkuu wake alikuwa Otto Bayer (ambaye hana undugu na ule ukoo wa kampuni ya Bayer, watu wengi huwachanganya).

Sasa kwa nini isipauke? Hapa ndo pananifurahisha. Zipo isosianeti za aina mbili, zile zenye pete za benzini (kaboni sita zilizoshikana duara), ambazo bei yake ni rahisi ila zinameza miale ya jua na kugeuka njano, na zile zisizo na pete, bei iko juu ila jua haziligombi. Rangi ya juu ya basi, tenki au behewa inatumia hizi za pili. Epoksi, rangi nyingine ya makopo mawili, inashika chuma vizuri sana na kuzuia kutu lakini nayo ina zile pete, kwa hiyo ukiiacha juani inatoa unga mweupe, ukipitisha kiganja kinachafuka. Ndo maana kwenye madaraja na matenki ya mafuta wanaanza na prima (rangi ya chini) ya zinki, katikati wanaweka epoksi, juu kabisa wanafunika na poliyurethani ya akriliki, tabaka jembamba tu la maikroni 50 hadi 75 hivi. Na Dodoma tupo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, digrii 6 tu kusini mwa ikweta, jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo hilo tabaka la juu linafanya kazi kwelikweli.

Jua hilohilo ndo linamsumbua fundi. Joto likipanda, makopo yanashikana haraka, rangi ambayo karatasi yake ya maelezo inasema ikishachanganywa inadumu masaa manne kwenye nyuzi 20, ukiichanganya saa sita mchana mwezi wa kumi unaweza ukaikuta inaanza kuwa nzito mapema zaidi ya hapo. Bati lililochomwa na jua nalo ni balaa, matone yanakauka kabla hayajatandaa, unapata ukwaruukwaru kama umepuliza mchanga, na ukijumlisha upepo na vumbi la huku basi unaanza na msasa upya. Wazoefu wanapiga asubuhi mapema, na wananunua tina inayopaa taratibu.

Maji ni adui mwingine. Isosianeti ikikutana na unyevu inatoa hewa ya kaboni dayoksaidi, ndo vile vipele vidogo unavyoviona juu ya rangi. Hata kopo la hadina lililofungwa vibaya linavimba. Spiriti usiijaribu kama tina, ina vishikio vilevile vya akriliki kwa hiyo inakula hadina yako na rangi inabaki laini. Na vipimo fuata vya kwenye kopo, kama ni rangi 4 kwa hadina 1 au 2 kwa 1, hadina ikizidi rangi inakuwa kavu inapasuka, ikipungua haikomai.

Ila kinachoniudhi ni mafundi kupuliza hii kitu wamefunga kitambaa puani. Isosianeti iliyopulizwa inaweza kumpa mtu pumu, na mwili ukishaikataa, hata kidogo tu baadaye kinamkaba. Barakoa ya vumbi haizuii, inatakiwa ile inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje ya chumba cha kupulizia.