Sakramenti kwa Walutheri ni nini hasa, na kwa nini ziko mbili

Watu wengi wamekulia kwenye usharika wa Kilutheri, wakabatizwa wakiwa wachanga, wakasoma kipaimara na mpaka leo wanaenda Meza ya Bwana, lakini ukiwauliza sakramenti ni nini wanaanza kuzunguka. Wengi watakwambia ni ibada takatifu, au ni agizo la Yesu. Sio uongo, ila lenyewe hasa linabaki nje. Kwa Mlutheri sakramenti ni jambo ambalo Mungu anakutendea wewe, sio wewe unamtendea Mungu. Ukiligeuza hilo tu, mengine yote yanapinda.

Vigezo vinavyotumika ni vitatu: Kristo mwenyewe awe ameagiza, kuwe na kitu cha kuonekana na kushikika, na hapo pawe na ahadi ya msamaha wa dhambi. Kwa kipimo hicho zinabaki mbili, Ubatizo na Chakula cha Bwana. Ndoa, kipaimara, kubarikiwa kwa wachungaji, hivyo vyote ni vizuri na vina baraka ila havijafika hapo. Martin Luther, ambaye Walutheri wanaitwa kwa jina lake, ndo alianza kuipunguza ile hesabu ya sakramenti saba za Kanisa Katoliki mwaka 1520, na kwenye toba hata yeye alisita, maana ahadi ya msamaha ipo wazi kabisa ila kitu cha kushikika hakipo. Ndo maana Utetezi wa Ungamo la Augsburg wa mwaka 1531, yaani maandishi ya kulitetea tamko la imani la Walutheri, bado unaliita ondoleo la dhambi sakramenti, na Walutheri hawajawahi kugombania sana idadi.

Sasa ubatizo. Mchungaji anamwita mtoto kwa jina, anamimina maji kichwani mara tatu, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, basi. Mtoto hajasema neno, pengine amelala. Swali linalokuja kila siku ni hili, mtoto asiyejua kitu anabatizwaje? Ukirudi kwenye ile maana ya mwanzo utaona kwa nini Walutheri hawahangaiki, kwa sababu anayetenda pale ni Mungu, na mtoto anapokea kama anavyopokea uhai wenyewe bila kuuomba. Hii haimaanishi imani haihitajiki. Katekisimu Ndogo ya 1529, kitabu kifupi cha Luther cha kufundishia imani, inasema wazi kwamba sio maji matupu yanayofanya kazi bali neno la Mungu lililo pamoja na maji, na imani inayoliamini neno hilo. Ndo kazi ya wazazi na wasimamizi inapoanzia, na kipaimara inakuja baadaye ili kijana aijue na kuikiri imani aliyobatiziwa, sio kwamba ubatizo ulikuwa nusu ukasubiri kumaliziwa.

Kwa sababu hiyohiyo Walutheri hawarudii ubatizo. Mtu ameanguka, ameacha kanisa miaka mingi, amerudi analia anataka abatizwe upya ili aanze moja, ataambiwa ahadi ya Mungu ya siku ile haijafutika, wewe ndo uliondoka, rudi tu. Na mtoto akiwa mahututi na mchungaji yuko mbali, Mkristo yeyote anaweza kumbatiza kwa maji na kwa maneno yaleyale, na ubatizo huo ni kamili, akipona anapelekwa kanisani kwa maombi na kuandikwa.

Kwenye Chakula cha Bwana ndo pana ugomvi wa zamani. Oktoba 1529 Luther na Zwingli, mwanamatengenezo wa Uswisi, walikutana mjini Marburg, Ujerumani, wakakubaliana karibu kila kitu wakakwama hapa. Zwingli alisema mkate unaashiria mwili. Luther akaandika kwa chaki juu ya meza maneno ya Yesu, huu ni mwili wangu, akagoma kusogea. Wakati huohuo Luther hakukubali mafundisho ya Kikatoliki kwamba mkate unaacha kuwa mkate. Walutheri wanasema mwili na damu ya Kristo vipo kweli ndani ya, pamoja na, na chini ya mkate na divai, na jinsi inavyokuwa hawaelezi, wanaliamini neno lake. Na kikombe ni cha wote, sio cha mchungaji peke yake.

Kinachoniuma mimi ni watu wanaokaa kwenye benchi wakati wenzao wanaenda mbele, mwezi hadi mwezi, kisa wanajiona hawastahili. Wamesoma 1 Wakorintho 11 kuhusu kula isivyostahili wakaogopa, wengine wanasubiri kwanza maisha yakae sawa. Katekisimu Ndogo inasema kufunga na kujiandaa kwa nje ni utaratibu mzuri, lakini anayestahili kweli ni yule anayeamini maneno haya ya Yesu kuhusu mwili na damu yake, vimetolewa na kumwagwa kwa ajili yenu kwa ondoleo la dhambi. Unapiga magoti, unawekewa mkate mkononi au mdomoni na unaambiwa mwili wa Kristo uliotolewa kwa ajili yako, yaani wewe, na hiyo dhambi uliyokuja nayo na unayoijutia. Luther kwenye Katekisimu Kubwa aliiita dawa, sasa mgonjwa akikaa mbali na dawa mpaka apone itakuwaje? Asiyetubu kabisa na hana mpango wa kutubu, huyo kweli asubiri aongee na mchungaji.

Alafu kuna wanaokwepa kwa sababu ya mchungaji mwenyewe, wamesikia mambo yake. Ungamo la Augsburg la 1530, kifungu cha 8, linasema sakramenti zina nguvu hata kama anayezitoa ni mtu mwovu, kwa sababu ya agizo la Kristo. Mwenendo wake ushughulikiwe na kanisa na usifunikwe, ila ulichopokea hakikutoka kwake.

Na Chakula cha Bwana kitolewe mara ngapi? Ungamo hilohilo linasema sakramenti ilitolewa kila sikukuu, na siku nyingine pia wakiwepo wanaoitaka. Sharika nyingi siku hizi ni mara moja kwa mwezi au pungufu, kwa mazoea tu, hakuna fundisho la Kilutheri linaloweka huo ukomo. Washarika wakitaka iwe mara nyingi zaidi, wawaambie wazee wa kanisa na mchungaji, ni ombi halali kabisa.