Runinga ya Chogo Ilizeeka Lini?

Vituo vya televisheni vilipoanza kurusha matangazo Tanzania Bara mwaka 1994, ilikuwa imekwisha kupita miaka 58 tangu BBC ianzishe matangazo ya kawaida ya televisheni jijini London. Hata hivyo, kwa mtu wa Dodoma au Mwanza hicho kilikuwa chombo kipya, na hakukosea kukiita hivyo. Zanzibar, kwa upande wake, ilikuwa na televisheni tangu mwaka 1973, tena ya rangi tangu mwanzo, wakati Bara serikali ya Mwalimu Nyerere iliihesabu kuwa anasa. Yule mzee wa Ulaya anayekumbuka picha za rangi zikija kuchukua nafasi ya nyeusi na nyeupe ana kumbukumbu ambayo mwenzake wa Unguja hana.

Kazi yangu ni kufundisha historia ya utangazaji, na kila ninapofika kwenye tarehe hizi huwataka wanafunzi waache kwanza kuuliza chombo kilivumbuliwa lini, waulize kilimkuta nani na kilimkuta akitumia nini. Katika miji ya Bara, kwa mfano, zilikuwapo nyumba zilizomiliki deki ya video kabla ya kituo chochote cha huku kuanza. Kioo kilikuwa kimeshazoeleka sebuleni. Kilichokuwa kigeni ni taarifa ya habari kuja yenyewe kwa saa yake, bila mtu kwenda kuazima kanda.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Desemba 31, 2012, siku ambayo mitambo ya analojia, ule mfumo wa awali wa kurusha televisheni, ilianza kuzimwa ili kuupisha wa dijitali, kwa kuanzia na Dar es Salaam, mapema kuliko Juni 17, 2015, ukomo uliowekwa na makubaliano ya kimataifa ya Geneva ya mwaka 2006. Runinga ya chogo, ile nene iliyotokeza kwa nyuma, haikuharibika kitu siku hiyo. Kioo kilikuwa kilekile na spika ileile. Hata antena ya juu ya paa mara nyingi iliendelea kufaa, kwa kuwa mawimbi ya dijitali ya mitambo ya ardhini hupita katika masafa ya UHF yaliyokuwa yakitumiwa na analojia pia. Kilichohitajika ni king'amuzi, kisanduku kinachopokea mawimbi ya dijitali na kuyageuza kuwa picha na sauti, nacho huunganishwa na chogo kwa nyaya tatu: ya njano hubeba picha, nyekundu na nyeupe hubeba sauti. Ni nyaya zilezile zilizokuwa zikiunganisha deki ya video. Dijitali, kwa maneno mengine, iliingia kupitia matundu yaliyozoea kupokea kanda.

Lakini fikra za watu hazikufuata nyaya. Watu walianza kulizungumzia chogo kana kwamba lenyewe ndilo lililozimwa, na wauzaji wa runinga bapa, nadhani, hawakuwa na haraka ya kuwasahihisha. Uzee wake ulitoka kwenye tangazo la serikali na kwenye rafu za maduka, si kwenye hitilafu yoyote iliyokuwamo ndani yake.

Kwenye simu mambo yalikwenda kinyume. Ujumbe mfupi wa kwanza ulitumwa Uingereza Desemba 1992. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007, ilitegemea menyu iliyomo kwenye laini ya simu pamoja na ujumbe huohuo, na dunia ikaitazama kuwa ni uvumbuzi wa kisasa. Leo kijana aliyehamishia maongezi yake yote WhatsApp atakuambia kwamba SMS ni mambo ya wazee. Ila akilipia unga dukani, mwenye duka hauachii mfuko mpaka ujumbe wa muamala uingie kwenye simu yake mwenyewe, na kijana naye hathubutu kuufuta wa kwake. Ujumbe uliochakaa katika maongezi haujachakaa katika fedha, ingawa mtandao unaousafirisha ni mmoja.

Kwa sababu hiyo, katika madodoso ninayoandaa nimeacha kutenga safu ya vyombo vya zamani na ya vyombo vipya. Ninamuuliza mtu chombo kiliingia lini nyumbani kwake, kilikuta kipi, nani mwingine hukitumia, na shughuli gani itakwama kikizimwa kesho.