Tunaiga siku ya mashindano, hatuigi mazoezi

Bosi wangu mmoja wa zamani alikuwa na msemo wake kila tulipofunga hesabu za mwezi: "Kazi ni marathoni, jamani." Kisha anatuweka ofisini hadi saa nne usiku, siku tano mfululizo. Wakati huo sikuwa nimekimbia hata kilomita moja, kwa hiyo niliitikia kwa kichwa. Nilipojiunga na klabu ya jogging ya mtaani na kuanza kujiandaa kwa Kilimanjaro Marathon kule Moshi, ndipo nilipoelewa kwamba alichokuwa akitutaka tukimbie ni mita 100, tena bila kusimama.

Dhana: Mkimbiaji hodari hujitesa kila siku

Hii ndiyo kubwa, na ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuiacha. Iten, kule Kenya, kwenye mwinuko wa kama mita 2,400, siku ngumu zinajulikana: Jumanne ni uwanjani, Alhamisi ni fatleki (dakika moja ya kasi, moja ya pole, kwa zamu), mwisho wa wiki ni mbio ndefu. Siku zinazobaki ni za pole, na ni pole kwelikweli. Watu wanaoweza kumaliza kilomita kwa chini ya dakika 3 huanza asubuhi hizo kwa mwendo ambao hata mimi na kitambi changu ningefuatana nao dakika chache.

Wana sababu. Mbio za pole huimarisha moyo, huongeza mishipa midogo ya damu kwenye misuli na kuufundisha mwili kutumia mafuta, bila kumaliza nguvu zinazohitajika kesho yake. Kosa la sisi wageni wa mchezo ni mwendo wa katikati: haraka mno kwa siku ya pole, taratibu mno kwa siku ya kasi. Unarudi nyumbani umechoka kila siku, na huongezeki.

Kocha wetu aliponieleza hayo, picha iliyonijia ni ya ofisini. Kila barua pepe ni ya dharura, kila kikao ni cha dharura, halafu taarifa ya mwaka, ambayo ndiyo kazi ngumu hasa, tunaiandika macho yamejaa usingizi. Siku hizi nimeipa kazi ngumu asubuhi mbili kwa wiki, simu nimeizima. Zilizobaki ni za faili, kujibu watu na kupitia mezani kwa wenzangu. Wapo wanaosema nimepoa.

Dhana: Ukipumzika unapoteza ulichojenga

Mazoezi huuchosha na kuuvunja mwili; usingizi na mapumziko ndiyo huujenga upya. Ndiyo maana wiki 2 au 3 kabla ya marathoni ratiba hupunguza kilomita. Ni kipindi kigumu kwa roho kuliko kwa miguu, maana unajiona mzembe. Mara yangu ya kwanza sikuvumilia: wiki ya mwisho nikajiongezea kilomita 25 "za kujipima". Deni hilo nililipa Moshi, nikitembea, huku mama mmoja wa makamo akinipita na kunipa pole.

Dhana: Ukiumia, kaza meno

Hapa wanaotoa hotuba za kuhamasisha wafanyakazi humleta John Stephen Akhwari, mkimbiaji wa marathoni wa Tanzania. Olimpiki ya Mexico, 1968: alianguka, goti likaumia, likafungwa bandeji, naye akamaliza wa mwisho kati ya 57 waliofika, giza limeshaingia. Mzee huyo namheshimu kupita maelezo. Lakini ile ilikuwa Olimpiki, siku moja. Kocha akikuona unachechemea kwenye mazoezi ya Jumatano atakurudisha nyumbani, tena kwa ukali.

Sisi klabuni tunapima hivi: uchovu uko miguu yote miwili na hupungua ukilala, jeraha liko mahali pamoja na huzidi kadiri unavyokimbia. Mgongo unaokuuma tangu Machi kwa sababu ya kiti kibovu ni wa kundi la pili. Hakuna uwanja unaokusubiri ukushangilie.

Dhana: Mbio ndefu ni za mtu peke yake

Vienna, Oktoba 2019, Eliud Kipchoge alimaliza marathoni kwa saa 1:59:40 akiwa na waweka kasi 41 waliopokezana kumkinga upepo. Muda huo haukuhesabiwa rekodi ya dunia, na wao ni sehemu ya sababu. Na kambini kwake Kaptagat, bingwa huyo husafisha vyoo kwa zamu kama wenzake. Hilo la vyoo nililipendekeza kwenye kikao cha idara. Mpaka leo sijajibiwa.

Dhana: Anayetangulia mapema ndiye atakayefika

Mtanzania Alphonce Simbu alipata shaba ya marathoni kwenye mashindano ya dunia London, 2017. Dhahabu ilimngoja hadi Tokyo, Septemba 2025, miaka 8 baadaye, akiwa na miaka 33. Mita za mwisho Mjerumani Amanal Petros alikuwa mbele yake, na Simbu akampita pale pale kwenye mstari. Wote wawili waliandikiwa saa 2:09:48. Picha ndiyo iliyowatenganisha, kwa sekunde 0.03. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo.

Kijana mmoja wa idara yetu, mwenye miaka 26, alinilalamikia juzi kwamba wenzake aliosoma nao wameshakuwa mameneja na yeye amechelewa. Sikuwa na la kumwambia. Nilimpa simu yangu aangalie mita 100 za mwisho za Tokyo. Alipomaliza akairudisha nyuma, akaangalia tena.