Taya likiuma wakati wa mitihani, usikimbilie kung'oa jino
Wanachuo wengi hapa Tabora, taya likiuma, huamini ni jino la mwisho na hutaka ling'olewe. Si lazima. Weka vidole mbele ya masikio, fungua mdomo: kinachocheza hapo ni kiungo cha taya. Mwenye wasiwasi wa mitihani au ada hukaza meno bila kujua, hata usingizini, misuli ikachoka. Asubuhi anaamka kichwa kinamgonga. Ukitoa jino lisilo na ugonjwa, maumivu yanabaki palepale, nayo huzidisha wasiwasi. Taya kutoa mlio bila kuuma kwa kawaida hakuhitaji tiba. Lipumzishe: midomo ifungwe, meno yaachane, miwa na mahindi ya kuchoma yasubiri. Likikwama, nenda Hospitali ya Kitete, na wasiwasi huo mweleze daktari pia.